Mji Uliokula Mchanga Wetu

Mwaka wa 1992 nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na shida yangu ilianza hapo. Kabla ya hapo nilikuwa maskini kama watu wengine, lakini umaskini si shida ukiwa na mume mwenye mikono. Wangu alikuwa anavunja mawe ya kujengea huko juu milimani, na vumbi la mawe likamwingia kifuani mpaka akawa halali, anakohoa tu. Alikufa kiangazi kikiwa kikali. Kaburi lake lilichimbwa kwa sururu kwa sababu jembe lilikuwa linaruka juu ya udongo. Sisi Wakamba njaa huwa tunaipa jina, kama mtoto. Ile ya mwaka huo, kwetu kijijini, hakuna aliyeipa jina. Watu walikuwa wamechoka.

Aliniachia watoto watatu, nyundo zake na mtaimbo, shamba la mteremko lenye mitaro, na kipande chembamba chini kabisa, kando ya mto. Hicho kipande ndicho kilichotulisha, na hicho ndicho nilichopigania. Mengine nitayasema njiani.

Shule nilifika darasa la pili, nikatolewa nikachunge mbuzi. Kusoma nimejifunza kwa Biblia na kwa magazeti ya kufungia nyama. Kwa hiyo anayetaka maneno ya chuo kikuu atafute mwingine.

Mgeni akiuona mto wetu anacheka. Hauna maji. Miezi mingi ya mwaka ni mchanga mweupe tu, mpana, unametameta jua likipiga, na mbuzi wanalala katikati yake. Lakini ukichimba kwa mkono mpaka kiwiko, mchanga unakuwa baridi. Chimba mpaka bega, unaona maji yanakuja polepole, masafi, yamechujwa. Hicho kisima cha mchanga tunakiita kithima. Kila mwanamke alikuwa na chake, na alikizungushia miiba ili ng'ombe wasikichafue. Mchanga ndio ulikuwa tangi letu. Jua halikuweza kuyanywa maji yaliyofunikwa.

Kwa maji ya kithima changu nilimwagilia sukuma wiki, spinachi, dania na nyanya kidogo. Nilichota kwa kibuyu, nikamwagia shina moja moja, kama mtu anayenywesha mgonjwa. Kukipambazuka nilikuwa tayari njiani kwenda Machakos mjini, gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Niko na alama ya hiyo kamba mpaka leo. Daktari mmoja aliwahi kuniuliza kama ni ajali.

Mji wenyewe uko ndani ya bonde, umeegemea milima kama mtoto aliyeegemea mgongo wa mama asiyemtazama. Asubuhi ukungu unashuka kutoka juu, na wewe uliyeketi sokoni unatetemeka. Saa sita jua linatokea na kukuchoma kana kwamba hukutetemeka. Wakati ule haukuwa mji mkubwa. Watu wa milimani walishuka na kabeji na parachichi, wamenona, wana viatu. Watu wa chini, wa Kithimani na Ekalakala, walipanda na mbaazi, maembe na mbuzi, miguu yao imejaa vumbi jekundu. Wote walikutana pale bondeni, na mji uliwala wote. Maofisa wa serikali walinunua mboga huku wakizipindua kama wanatafuta kosa. Wanawake wazee waliokota maharagwe yaliyomwagika chini ya magunia ya wengine, punje moja moja, na hakuna aliyewafukuza kwa sababu kila mmoja alijua kesho ni yeye. Mvua ikinyesha, choo cha soko kilitoka na kutembea kati yetu. Tulihamisha mboga, tukaendelea kuuza.

Nawaambia haya kwa sababu watoto wangu, wakiniletea wageni, wanapenda kusema Machakos ni mji mzuri. Ni mzuri. Mimi nasema tu mji huo ulikula nini.

Kwetu kulikuwa na mwethya. Huo ni umoja wa kazi: leo tunachimba mitaro ya shamba lako, kesho ya shamba langu, mwenye shamba anapika. Wengi walikuwa wanawake. Mteremko wote unaouona una ngazi ngazi, ni mwethya uliozichonga, na nyimbo zilikuwa nyingi kuliko majembe. Sheria ilikuwa moja: kazi ikishakubaliwa na umoja, hakuna kukataa. Anayekataa anatozwa mbuzi. Anayekataa tena anatolewa. Na mwethya ukikutoa, umetolewa duniani. Ukifiwa hakuna wa kukuchotea maji. Mtaro ukibomoka utauangalia peke yako.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa mtu wa maneno. Alivaa kofia ya kizungu hata ndani ya nyumba. Baada ya matanga alinijia akaniambia kwa mila yeye ndiye wa kuniangalia. Nikamwambia aniangalie kutoka huko aliko. Alicheka sana. Hakuwa mtu mbaya, na ninasema hivyo kwa sababu wengine wanataka awe mbaya. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa na njaa na akanyamaza.

Yeye ndiye aliyeleta habari ya malori. Watu wa Nairobi walikuwa wanajenga, na mji wetu wenyewe ulikuwa umeanza kupanda ghorofa. Mchanga wa mto wetu ulikuwa mkali, hauna udongo, wajenzi waliupenda. Shida ni moja: lori halikuweza kushuka. Kingo zilikuwa za juu, na mteremko wote ni mitaro. Palihitajika barabara.

Mwethya uliitwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mwenyekiti wetu alikuwa mama mzee mwenye pengo la meno ya mbele, aliyeitwa mwaitu, yaani mama, na kila mtu, hata waliomzidi umri. Shemeji akasimama na kofia yake.

"Hawa watu hawaombi bure," akasema. "Tukiwachimbia barabara, kila lori likitoka linaacha kitu kwa umoja. Na kitu hicho ni mabati. Kila nyumba mabati! Nyasi zote tunachoma!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikasimama.

"Shemeji, mchanga ukienda, maji tutayachota wapi?"

"Mchanga Mungu analeta bure kila mvua."

"Na maji yaliyo ndani yake?"

"Hayo ni mambo ya wanawake," akasema, na watu wakacheka mpaka mwaitu mwenyewe akafunika pengo lake.

"Basi wanawake ndio hawa," nikasema. "Waulize kama wanakunywa mabati."

Jirani yangu mmoja akaniambia nikae chini, nyumba yangu haivuji kwa sababu marehemu aliijenga kwa mawe, ndiyo maana nina mdomo. Hilo lilikuwa kweli. Nyumba zao zilivuja. Kuna mwanamke pale alikuwa amelea mtoto chini ya karai msimu mzima wa mvua. Siwezi kusema walikuwa wajinga. Walitaka paa.

Kazi ikakubaliwa. Njia ilitakiwa ipite katikati ya shamba langu, ndiyo fupi. Nikasema haipiti. Ikazungushwa kwa jirani, ikashukia pembeni mwa korongo dogo lililo mpakani kwetu. Siku ya kazi nilisimama mlangoni nikiwasikiliza wakiimba. Wimbo ulikuwa ule ule wa mitaro. Majembe yale yale yaliyotengeneza ngazi za kuzuia maji sasa yalikuwa yanazikata ngazi hizo kwa urefu, kutoka juu mpaka mtoni, wanawake wanaimba.

Jioni walikuja kwangu, mwaitu mbele.

"Umekataa kazi ya umoja."

"Nimekataa."

"Sheria unaijua."

"Mbuzi yuko pale. Mchukueni yule wa maziwa, asije mtu akasema nimewapa kilema."

Mwaitu alinitazama. "Mtoto wa watu, wewe kiburi chako kitakuzika."

"Kinizike mimi. Nyinyi mtazikwa na barabara."

Wakamchukua. Siku ya soko nikamwona mbuzi wangu kwenye boma la mfanyabiashara mmoja Msomali, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, ambaye wake zake walinunua spinachi kwangu. Alikuwa amemnunua kutoka kwa umoja.

"Mama, huyu si wa kwako? Amekujua. Analia."

"Mwache alie. Mimi nimemaliza."

Akatikisa kichwa. Akamfunga upande wa pili ili asinione.

Mwaka uliofuata waliitisha kazi ya kupanua barabara hiyo hiyo. Nikakataa tena. Wakanitoa.

Malori yalikuja kweli. Yalikuja asubuhi na yalikuja mchana, na vijana waliacha mitaro wakawa wapakiaji, wanameza vumbi, wanakunywa jioni. Na mabati yalikuja, sitasema uongo. Ukisimama upande wa pili wa bonde uliona nyumba zinang'aa. Vithima vikawa vinashuka. Zamani mkono mpaka bega, sasa unaingia mzima, unachota kwa kikombe, unapitisha kwa mwenzako juu. Changu kilishuka pia. Mto haujui nani alikataa.

Hapo nikaanza kufikiri. Ndani ya lile korongo la mpakani kulikuwa na mahali mawe makubwa yalianguka zamani yakajipanga yenyewe. Nyuma yake palikuwa na mchanga kidogo, na siku moja ya kiangazi nikamkuta punda wa jirani anakwaruza pale kwa kwato. Nikaingia kutazama. Alikuwa amepata maji. Si mengi, ya kulamba.

Nikachukua nyundo za marehemu. Nilivunja mawe kama alivyokuwa anavunja, na nilijifunga kitambaa mdomoni kwa sababu nilijua yalimfanya nini. Watoto walibeba. Saruji nilinunua kwa mboga, mfuko ukipatikana, tunajenga. Usipopatikana, tunakusanya mawe. Ukuta ukapanda katikati ya korongo, kuvuka upande hadi upande. Shemeji alipita juu barabarani, amekaa mbele kwenye lori pamoja na dereva, akaamuru lisimame.

"Shemeji! Unajenga kanisa?"

"Najenga choo. Ukibanwa njiani karibu."

Dereva akacheka akapiga honi. Shemeji naye akacheka, kisha akashuka, akaangalia ukuta muda mrefu. Akasema kwa sauti ya chini, kofia mkononi, "Jiwe la pembe ya kushoto halijakaa. Kaka angelirudia." Akapanda lori wakaenda. Nililitoa lile jiwe nikalirudia.

Halafu ikaja elinino, ile mvua ya mwisho wa tisini na saba. Kila mtu Kenya ana hadithi yake ya mvua ile. Hii ni yetu.

Barabara tuliyo nayo, waliyoichimba wao, iligeuka mto. Maji ya mlima wote yalikuwa yamezoea kushuka ngazi kwa ngazi, yakipumzika kwenye kila mtaro. Sasa yalipata njia iliyonyooka. Yalishuka yakiwa na hasira, yakala kingo za barabara, yakaingia mashambani pande zote mbili. Maharagwe yalikwenda, samadi ikaenda, mitaro ya miaka mingi ikafunguka kama mshono. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nasikia ardhi inaondoka. Ina sauti kama ng'ombe wengi wanaotembea.

Na huko chini, mto ulipojaa, haukuwa na mchanga wa kuutuliza. Ulipita juu ya mwamba mtupu kwa nguvu ambayo hakuna mzee aliyeikumbuka, ukang'ata kingo. Asubuhi moja nilishuka kutazama sukuma wiki zangu. Nilifika mahali njia inapokata kona nikakuta mwisho. Kipande hakikuwapo. Sukuma, ua, miiba ya kithima, udongo ambao mama mkwe wangu aliulima kabla yangu, vyote vimekwenda. Nilisimama pale na kibuyu mkononi. Sikulia, na si kwa ushujaa. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa nyuma yangu na sikutaka ajue kwamba tumeisha.

Ukuta ulisimama. Ulipasuka upande mmoja, lakini ulisimama. Na nyuma yake, mvua ilipokoma, korongo lilikuwa limejaa mchanga na udongo mpaka juu. Ulikuwa umetoka wapi? Barabarani. Mashambani mwao. Shamba za wanawake walionitoa zilikuwa zimelala nyuma ya ukuta wangu.

Walikuja kutazama. Mwaitu alikuwa na fimbo sasa.

"Huu udongo ni wa kwetu," akasema mmoja.

"Ndiyo, ni wenu. Karai ndilo hilo. Anzeni kubeba."

Hakuna aliyeinama. Wakaondoka.

Kiangazi kilirudi, na kile kilichofuata miaka miwili baadaye ndicho kilichotumaliza. Mtoni hakukuwa na mchanga tena. Ni mwamba na udongo wa mfinyanzi uliopasuka. Malori yalitaka bado, kwa hiyo vijana wakaanza kuchimba chini ya kingo, ambako mchanga wa zamani ulikuwa umelala chini ya udongo. Walichimba mapango. Juu kuna mti, kuna mizizi, kuna ardhi nzito, na chini yake mtu amepiga magoti na sepetu. Shemeji naye aliingia. Kofia ilikuwa imeisha, na vijana hawakumtaka tena kuwa mtu wa kuzungumza na madereva. Madereva walijua njia. Alikuwa na watoto, na paa la mabati, na chini ya paa hapakuwa na kitu.

Ilikuwa mchana, jua wima. Nilisikia kishindo, kisha nikasikia hakuna mtu anayepiga kelele, na hiyo ndiyo ilinifanya nikimbie. Ukingo ulikuwa umeshuka. Wenzake wawili walikuwa nje wakinywa uji. Walikuwa wamesimama na vikombe.

"Nani yuko ndani?"

Mmoja akaninyooshea kidole. Kwa namna alivyoninyooshea nilijua ni wa kwetu.

Nilianza kuchimba. Wanawake wakaja na majembe, mwethya wote, hakuna aliyeitwa. Tulichimba bega kwa bega, mimi na wale wale, na hakuna aliyeimba. Mwaitu alikuwa amekaa juu ya jiwe, hawezi kuchimba, anasema tu, "Polepole na jembe. Polepole, msimkate." Tulimpata amepiga magoti, mikono mbele, kama mtu anayeosha uso. Mchanga ulikuwa umejaa mdomoni. Niliutoa mimi kwa vidole, kwa sababu mke wake hakuweza, na mtu haendi kaburini hivyo.

Lori lililokuwa linangoja liliondoka limejaa nusu. Sitamlaumu dereva, alikuwa kijana. Lakini mchanga ule ulifika mahali, ukachanganywa na saruji, na kuna mtu leo analala ndani ya kuta zake. Nikienda mjini na nikiona zile ghorofa, benki, hoteli za vioo, watu wengine wanaona maendeleo. Mimi naona mto wetu umesimama wima.

Wiki baada ya mazishi, mke wa shemeji alikuja mpaka kwangu na jerikeni. Hakupiga hodi. Alisimama mpakani, juu ya korongo, akatazama chini nilikokuwa nimechimba kithima nyuma ya ukuta. Maji yalikuwako. Si kama ya zamani. Yana rangi kidogo, na kiangazi kikizidi lazima uyangoje. Lakini yalikuwako, na mtoni hapakuwa na hata unyevu.

Nilimwacha asimame kidogo. Nasema ukweli, nilitaka asimame.

"Ukingoja yaje kwako yatachelewa," nikamwambia. "Shuka."

Akashuka. Kesho yake akaja na jirani yule aliyeniambia nikae chini. Kesho kutwa wakaja wengi, na mwisho akaja mwaitu mwenyewe, ameshikwa mkono. Nilitoa sheria zangu: foleni moja, jerikeni moja kila nyumba, hakuna ng'ombe ndani ya korongo, hakuna kufua. Atakayechota mchanga hata karai moja, asirudi. Mwaitu akasikiliza, akasema, "Na mbuzi je? Anayekosa humtozi?"

"Mimi sili mbuzi za watu."

Mwaitu mwenyewe akacheka, na pengo lake likaonekana lote, kwa sababu sasa lilikuwa limechukua mdomo mzima. Alikufa kabla ya mvua nyingine. Nilikwenda kumzika.

Baadaye umoja ulijenga kuta nyingine juu zaidi kwenye korongo, na nyingine kwenye ile barabara, ambayo sasa ni korongo pia. Waliniita. Nilikwenda na nyundo, nikawaonyesha jiwe la pembe linavyokaa. Kazi nilifanya. Kuimba sikuimba, na siimbi nao mpaka leo. Wanajua, hawaniulizi.

Watu huniuliza ulipataje. Basi hiki ndicho nilicho nacho.

Niko na nyumba ya mawe aliyoijenga marehemu, nimeiongezea vyumba viwili na jiko la nje. Niko na shamba la mteremko, mitaro yote imerudishwa. Kipande cha mtoni kiko kwenye karatasi ya ukoo kwa jina letu, lakini ukienda kukitafuta utakuta hewa. Niko na ukuta mmoja na kithima kimoja. Niko na kibanda sokoni chenye paa, sikai tena juani. Watoto wangu watatu wako hai. Mmoja ni fundi wa nguo, mmoja yuko Kyumbi anauza matunda barabarani, mmoja ni mwalimu. Watoto wawili wa shemeji walilelewa kwangu na wanakula kwangu wakija. Niko na maembe ya kupandikiza, mbuzi, kuku, na matangi mawili ya maji ya mvua. Niko na punda wawili, mmoja mzee.